Shajara ya mradi: ramani ya maduka na maji yaliyo katikati

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kirumba, Mwanza

Kazi imeanza leo rasmi. Mjomba ana maduka 11 ya vifaa vya uvuvi kuzunguka upande wetu wa Ziwa Victoria: Kirumba hapa jirani na Mwaloni, Igoma, Kayenze, Magu, Lamadi, Bunda, Musoma, Nansio, Sengerema, Nyehunge na Geita. Anauza nyavu, kamba, maboya, taa za sola za dagaa na spea za injini za boti. Tovuti ya biashara ina ukurasa wa "Tafuta duka", na huo ndio niliokabidhiwa.

Chanzo ni mteja mmoja wa Kisorya. Mwezi wa Agosti aliingia kwenye ukurasa huo akitafuta wavu wa dagaa wa milimita 8. Orodha ikamletea duka la Magu juu kabisa. Akapiga simu Magu, akawekewa wavu, akapanda gari. Anayeijua barabara hiyo ameshaelewa: kutoka Kisorya kwenda Magu kwa gari lazima upite Bunda, na Bunda tuna duka, na wavu kama ule ulikuwa umening'inizwa mlangoni. Siku nzima imepotea na nauli imekwenda, kwa kitu alichopishana nacho njiani. Hakugomba. Alimpigia mjomba akasema, "Mzee, ramani yenu imenitembeza." Sentensi hiyo nimeiandika kwenye karatasi na kuibandika ukutani juu ya kompyuta.

Muda nilionao ni mwezi mmoja wa angani. Jana usiku mwezi mpevu ulipatwa, watoto wa mtaani walikuwa nje hadi saa nne wakiutazama ukiwa mwekundu. Wavuvi wa dagaa huvua gizani, taa ndizo zinazowavuta samaki. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika, wanashona nyavu, wanakuja kununua. Mwezi mpevu unaofuata ni tarehe 7 Oktoba. Siku hiyo ukurasa uwe unafanya kazi.

Jumanne, 9 Septemba

Nimefungua mipangilio. Programu-jalizi ya ramani iliwekwa na fundi aliyetangulia na kuachwa kama ilivyotoka kiwandani. Mambo niliyoyakuta:

Ramani ikifunguka inaanzia Marekani. Vipimo ni maili. Nusukipenyo cha utafutaji kimeandikwa "50" tu bila kizio, kwa hiyo mteja anadhani ni kilomita 50, kumbe ni 80. Ufunguo wa kampuni ya ramani haujafungwa kwa kikoa chetu, yaani jina la tovuti yetu, maana yake mtu yeyote angeweza kuuchukua kwenye msimbo wa ukurasa na kuutumia kwake, gharama zikaja kwetu. Na kadi ya malipo iliyosajiliwa imekwisha muda, ndiyo maana ramani yenyewe ni kijivu na orodha ya maduka ndiyo pekee inayoonekana.

Nimekaa na mjomba jioni. "Shikamoo mjomba." "Marahaba mwanangu, imekuwaje?" Nimemweleza kwamba tuna njia mbili: kulipia upya ramani ya biashara na kuufunga ufunguo, au kuhamia data ya OpenStreetMap, ramani ya wazi iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004 na inayojazwa na watu wa kujitolea, tukiionyesha kwa Leaflet, programu ya kuchora ramani kwenye tovuti. Kwa wateja wachache tulio nao, njia ya pili inatutosha. Ina masharti yake: jina la OpenStreetMap lionekane pembeni ya ramani muda wote, na tusipakue vipande vya ramani kwa wingi, kwa sababu seva zao zinaendeshwa kwa michango. Mjomba aliuliza swali moja tu, kama mialo, yaani fukwe ambako boti za uvuvi hutua, imo humo. Nikamwambia mingine imo, mingine hatujui mpaka tuitafute. Akasema tutafute.

Alhamisi, 11 Septemba

Leo ilikuwa siku ya kuyarudisha maduka Tanzania.

Mwanza iko takriban kwenye latitudo -2.5 na longitudo 32.9. Alama hiyo ndogo ya kutoa mbele ya 2.5 ndiyo inayosema "kusini mwa ikweta", na aliyejaza duka la Igoma aliisahau. Duka likahamia kaskazini mwa Uganda, juu kidogo ya mji wa Lira. Lira na Mwanza zinakaribiana sana kwa longitudo, moja huku na nyingine kule ya ikweta, kwa hiyo kosa hili litatokea tena na tena kwa yeyote anayefanya kazi ya namna hii katika ukanda wetu.

Sengerema namba zilipinduliwa, longitudo ikaandikwa mahali pa latitudo. Duka lilikuwa mashariki mwa Moroko. Hili nalo lina sababu: Leaflet inataka latitudo kwanza, lakini faili za GeoJSON, zinazohifadhi data za ramani, zinataka longitudo kwanza. Ukinakili kutoka huku kwenda kule bila kugeuza, umesafiri. Kayenze ilikuwa na tarakimu mbili tu baada ya nukta. Tarakimu mbili ni usahihi wa kilomita moja hivi, na kwa duka lililo ufukoni kilomita moja inatosha kabisa kuliweka majini. Tarakimu nne zinakufikisha kwenye mita 11, tano kwenye mita moja.

Nansio ndiyo iliyoniuma. Visanduku vyake vilikuwa vitupu, na programu ikasoma utupu kuwa sifuri na sifuri. Sehemu hiyo ni bahari tupu katika Ghuba ya Guinea, upande wa pili wa Afrika. Basi yule mteja wa Kisorya, ambaye kivuko cha kwenda Rugezi kiko mbele ya macho yake na Nansio iko ng'ambo hiyo, kisiwani Ukerewe, hakuonyeshwa Nansio kabisa. Alikuwa na maduka mawili yenye nafuu kuliko Magu, moja limepotea baharini, jingine limewekwa mstari wa pili.

Nimewapigia wauzaji wote 11 mmoja mmoja. Kila mmoja nimemwomba asimame mlangoni mwa duka, angoje simu itulie, kisha anitumie mahali alipo kwa WhatsApp. Wa Nyehunge alituma akiwa kwenye pikipiki, tumerudia.

Nimeweka kizuizi kwenye fomu: latitudo ikiwa nje ya -3.5 hadi -1, au longitudo nje ya 31 hadi 34.5, haihifadhiwi. Tukifungua duka Kigoma tutalegeza.

Jumamosi, 13 Septemba

Kiwango cha kukuza ramani. Kila hatua moja ya kukuza inapunguza nusu ya eneo unaloliona kwa upana. Karibu na ikweta, hatua ya 8 inatoa kama mita 611 kwa nukta moja ya kioo. Simu ya upana wa nukta 360 inaonyesha kilomita 220, na hapo Geita hadi Musoma zinaingia pamoja. Hiyo ndiyo picha ya kufungulia, kitovu kikiwa -2.2 na 33.0. Mteja akigusa duka, ramani inaruka hatua ya 15, kilomita moja na robo tatu hivi, anaona barabara na mtaa.

Nimezima ramani kujivuta kwa kidole kimoja. Mtu anayeshusha ukurasa alikuwa akinaswa na ramani, ukurasa haushuki, ramani inakimbilia Kongo. Sasa inataka vidole viwili.

Jumatano, 17 Septemba

Siku tatu nimezitumia kwenye kisanduku cha kutafutia, na sijutii hata saa moja.

Kilikuwa kimeandikwa "Ingiza anwani". Nani hapa anaingiza anwani? Namba za nyumba na majina ya mitaa tunavyo tangu zoezi la anwani za makazi, vibao vipo, na nafurahi vipo. Lakini mvuvi anayetafuta wavu anakwambia yuko mwalo gani. Mtu wa mjini anakwambia Nyegezi stendi, Buzuruga, Mabatini, Rock City. Nimebadilisha maneno yakawa "Andika mwalo, kata au kituo". Jioni ile ile nilimpa simu dada wa ghala bila maelezo yoyote. Aliandika "kirumba mwaloni" moja kwa moja.

Ndipo tatizo la pili likaja. Huduma ya kugeuza jina kuwa mahali ilimpeleka Kirumba ya Kivu Kaskazini, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Nikajaribu "Mwanza" nikaona pia wilaya ya Mwanza iliyoko Malawi. Nikajaribu "Nyakato", na ile ya Bukoba ikagombea nafasi na ya kwetu. Majina yetu yamesambaa kuliko nilivyofikiri. Dawa ni mipangilio miwili: kwanza unaifungia huduma nchi moja, yaani Tanzania peke yake, pili unaipa kisanduku cha ramani kinachozunguka eneo la maduka, ili jina likiwa na wenyewe wawili, aliye ndani ya kisanduku atangulie.

Bado kuna kikwazo. Natumia Nominatim, huduma ya OpenStreetMap ya kugeuza jina kuwa mahali, na masharti ya seva yao ya wazi ni ombi moja tu kwa sekunde, na hawaruhusu mtu kuitumia kupendekeza majina huku mteja akiwa bado anaandika. Ni haki yao. Kwa hiyo mapendekezo nayatoa kwenye orodha yetu wenyewe. Nimekaa na daftari la mauzo la Kirumba, lile la mikono, ambamo wauzaji huandika mteja katoka wapi, nikatoa majina ya mialo, visiwa, kata na vituo: Igombe, Kayenze, Luchelele, Kisorya, Kibara, Rugezi, Bugolora, Bwisya, Kome, Maisome, Nyakarilo, Mwigobero na mengine mengi. Jina likiwa kwenye orodha, hakuna ombi linalotoka nje. Lisipokuwemo, ndipo tunauliza Nominatim, na jibu tunalihifadhi ili tusiulize mara ya pili.

Halafu tahajia. Huku kwetu R na L zinabadilishana viti. Daftari moja lina Rugezi na Lugezi, Bugolora na Bugorora, Nyakarilo na Nyakaliro, Bwiru na Bwilu, na yote ni sahihi kwa anayeyasema. Nimefanya kisanduku kisione tofauti: kabla ya kulinganisha, kila R inageuzwa L, herufi kubwa zinakuwa ndogo, alama ya ng' inaondolewa, nafasi zinafutwa. Nyamhongolo imenishinda kwa kanuni, kwa sababu watu wanaiandika pia Nyamongolo na Nyamuhongolo; hiyo nimeipa majina ya pembeni, moja moja, kwa mkono. Baadhi ya wenzangu wangesema watu wajifunze kuandika vizuri. Mimi nasema mtu aliyesimama juani na simu yenye chaji kidogo hana deni hilo kwangu.

Jumatatu, 22 Septemba

Leo ndiyo siku niliyokuwa nikiingoja na kuiogopa.

Programu inapima umbali kwa kanuni ya duara la dunia: inachukua nusukipenyo cha kilomita 6,371, pointi mbili, inakupa mstari mnyoofu juu ya mgongo wa dunia. Kwa Dodoma au Tabora si mbaya. Kwa ziwa ni hatari, kwa sababu mstari hauulizi kama chini yake kuna maji. Kutoka Kisorya mstari unakatiza Ghuba la Speke na kutua Magu. Kwa mstari, Magu ni karibu kuliko Bunda. Kwa tairi, Magu iko baada ya Bunda.

Nilifikiria kutumia huduma ya kukokotoa njia za barabara. Nimeijaribu. Kwa mjini inapendeza. Kwa visiwani inategemea kama kivuko kimechorwa kwenye ramani, na hata kikiwa kimechorwa haijui foleni wala ratiba. Na kwa maduka 11 kuwa na seva nzima ya kukokotoa njia ni kununua ng'ombe kwa ajili ya kikombe cha chai.

Nikamwendea dereva wetu wa gari la mzigo, mzee ambaye amezunguka ziwa hili kabla sijazaliwa. "Mwangaluka baba." Alicheka, akanijibu, akavuta kiti. Nilimpa karatasi ya maduka yote nikamwomba anieleze, siyo kilomita, bali mtu akitaka kutoka hapa kwenda pale anapitia wapi lazima. Neno lililofungua kazi ni lake. Alisema, "Ziwa lina milango. Usipopita mlangoni umezama." Alimaanisha njia za kuvukia na shingo za barabara. Akazitaja: barabara ya Lamadi kwenda Bunda, hapo Ndabaka jirani na lango la Hifadhi ya Serengeti, daraja la Kigongo na Busisi, kivuko cha Kamanga, kivuko cha Kisorya na Rugezi, meli ya Mwanza na Nansio, kivuko cha Bugolora na Bwisya kwa watu wa Ukara, na cha Nyakarilo kwa watu wa Kome.

Alipofika Busisi aliandika "saa moja na nusu" kwa mazoea ya miaka ya kupanga foleni ya kivuko. Kisha akasimamisha kalamu, akaikata, akaandika "dakika chache". Daraja la J.P. Magufuli, kilomita 3 juu ya maji, limefunguliwa tarehe 19 Juni mwaka huu tu, na mkono bado unakumbuka kivuko.

Basi nimefanya hivi. Nimeigawa ramani kwenye pande sita: Mwanza hadi Lamadi; Bunda, rasi ya Kisorya na Musoma; Ukerewe; Ukara; magharibi ya Ghuba la Mwanza, yaani Sengerema, Buchosa na Geita; na Kome. Kila duka na kila jina kwenye orodha yetu lina upande wake. Mteja na duka wakiwa upande mmoja, kanuni ya zamani inatumika kama ilivyo. Wakiwa pande tofauti, umbali unapimwa kutoka kwa mteja hadi mlangoni, halafu kutoka mlangoni hadi dukani, na vinajumlishwa. Mlango ukiwa wa majini unaongezwa uzito: saa moja ya kungoja na kuvuka tumeihesabu kuwa sawa na kilomita 50 za barabara. Dereva alitaka 60, mjomba 40. Daraja halina uzito.

Nimejaribu Kisorya. Magu imeshuka chini, umbali wake sasa ni karibu mara mbili ya Bunda. Nansio imepanda juu pamoja na kivuko chake, Bunda inafuata kwa karibu sana. Nimeangalia kioo kwa muda mrefu.

Sikumwambia dereva, lakini nilipokuwa nikiandika "Bwisya" mkono ulikuwa mzito. Juzi Jumamosi imetimia miaka 7 tangu MV Nyerere ipinduke pale karibu na Ukara, 20 Septemba 2018, watu zaidi ya 220 wakapotea. Dada anayeuza duka letu la Nansio alizika jamaa zake. Kwa hiyo katika ukurasa huu kila tokeo linalohitaji kuvuka maji linasema wazi, kwa herufi za ukubwa ule ule wa jina la duka: "kwa kivuko" au "kwa meli". Haifichwi kwenye alama ndogo. Mtu aamue kuvuka akijua.

Alhamisi, 25 Septemba

Nimeondoa ujumbe wa "Hakuna matokeo". Nusukipenyo sasa ni kilomita 60 kwa chaguo la kawaida, na mteja anaweza kuchagua 20, 60 au 150. Kusipokuwa na duka ndani ya mduara, ukurasa unaleta mawili yanayofuata pamoja na namba za simu. Kumwambia mtu wa Maisome kwamba hakuna kitu wakati Nyehunge ipo ni uongo.

Sengerema kutoka mjini inaonyeshwa kwa njia zote mbili, daraja na Kamanga. Mwenye furushi la bati na maboya atapenda daraja, mwenye begi moja aliyeko katikati ya mji huenda akapenda kivuko.

Vichujio vya bidhaa vimewekwa: nyavu, kamba, maboya, taa, spea. Vitano vinatosha.

Jumatatu, 29 Septemba

Kitufe cha "Nilipo sasa". Kivinjari hakikupi mahali alipo mtu kama tovuti haina kufuli la usalama, kwa hiyo cheti kimewekwa wiki iliyopita. Nimekataa ukurasa kuuliza mahali alipo mtu pindi unapofunguka; watu wanaogopa swali hilo, na wana haki. Unauliza ukigusa kitufe tu.

Majaribio mawili yamenifundisha. Kompyuta ya ofisi hapa Kirumba ilisema iko Dar es Salaam, kwa sababu haina GPS na inakisia kwa njia ya mtandao unakopitia. Dada wa Nansio naye alibonyeza akiwa ndani ya duka, GPS imezimwa, akawekwa ng'ambo ya maji upande wa bara. Kwa ramani ya kawaida hilo ni kosa la kilomita kadhaa. Kwa ramani yenye pande, ni kosa la mlango mzima: akawa anaambiwa apande kivuko kwenda kwenye duka alilosimama ndani yake.

Bahati nzuri kivinjari kikitoa mahali kinatoa pia kiasi cha kutojiamini kwake, kwa mita. Kanuni mpya: kikisema mita 2,000 au zaidi, hatuamini. Ukurasa unasema, "Simu yako haina uhakika ulipo. Chagua mwalo ulio karibu nawe," na unaleta majina ya pande zote zinazowezekana. Dada amerudia, akachagua Nansio, akajiona. Amenitumia ujumbe wa sauti akicheka, nyuma yake nasikia injini za boti.

Ijumaa, 3 Oktoba

Uzito wa ukurasa. Wateja wetu wengi wako kwenye bando la siku, na mialo mingine mtandao unakuja na kuondoka kama mawimbi. Nimegeuza mpangilio: orodha ya maduka inakuja kwanza, maandishi matupu, na majina yetu yote ya mialo yamo ndani ya faili moja dogo. Ramani haipakuliwi mpaka mtu aguse "Onyesha ramani". Anayehitaji namba ya simu tu anaipata bila kipande hata kimoja cha ramani.

Mialo 6 ambayo haikuwa kwenye OpenStreetMap nimeiongeza, kwa GPS za wauzaji na dereva. Kunakili kutoka ramani za kampuni nyingine hairuhusiwi, na isingekuwa na maana. Walioko pale ndio wanaojua boti zinatua wapi. Sasa majina hayo yako kwenye ramani ambayo kila mtu anaweza kuitumia, pamoja na washindani wa mjomba. Nilimwambia mapema. Alisema mwalo si wa kwake.

Jumanne, 7 Oktoba

Mbalamwezi. Ukurasa mpya uko hewani tangu asubuhi saa mbili.

Mchana nilimpigia yule mteja wa Kisorya. Nilimwamkia, nikajitambulisha kuwa mpwa wa mwenye duka, nikamwomba radhi kwa safari ya Magu, kisha nikamwomba, kama ana dakika mbili, afungue ukurasa anisomee anachokiona. Alisoma polepole: "Nansio, kwa kivuko cha Rugezi. Bunda, barabara yote. Musoma. Halafu Magu." Akanyamaza. Nikasikia anamwambia mtu wa pembeni, "Wameiweka Bunda."

Kisha akaniuliza: "Mama, na upepo ukichafuka, kivuko kisipoondoka? Hapo Nansio itabaki juu?"

Nilimwambia ukweli. Ndiyo, ingebaki juu.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimekaa hadi usiku. Kila mlango wa majini sasa una swichi. Mlango ukifungwa, maduka ya ng'ambo hayafutwi; yanashuka chini ya yote yanayofikika kwa barabara, na pembeni yake panaandikwa "kivuko kimesimama", pamoja na saa taarifa ilipowekwa. Swichi inajirudisha yenyewe baada ya saa 12, ili isisahaulike ikiwa imefungwa.

Swali lilikuwa nani aishike. Mjomba alitaka ishikwe Kirumba. Nimemwomba iende kwa walio karibu na maji: dada wa Nansio anashika Rugezi, Bwisya na meli ya Mwanza, kijana wa Nyehunge anashika Kome, na Kamanga inashikwa na Sengerema. Amekubali.

Saa kumi na mbili na nusu jioni dada wa Nansio amefunga Rugezi kwa majaribio kupitia simu yake. Nimefungua ukurasa, nikaandika "kisolya" kwa L. Bunda iko juu.